Sabuni, sanitaiza au jiki? Kwanza jua kirusi kilitoka vipi kwenye seli

Dada yangu mkubwa analea watoto wa majirani katika chumba cha chini cha ghorofa moja huko Pipeline, Embakasi, Nairobi. Mama zao hutoka alfajiri kwenda viwandani na masokoni, wanamwachia watoto na chupa ya uji na daipa mbili tatu, na jioni wanawachukua. Siku za kawaida huwa kumi na mmoja. Mwaka jana, wiki moja ya Juni, mtoto mmoja alitapika Jumatatu asubuhi. Kufikia Alhamisi walikuwa watano, na dada mwenyewe alikuwa kitandani. Kilichomuuma zaidi si ugonjwa. Alikuwa ametoa pesa ya kodi akanunua chupa kubwa ya sanitaiza, akawapaka watoto mikono kutwa nzima, na ugonjwa ukapita katikati yao kana kwamba hakufanya lolote.

"Mdogo wangu, wewe ndiye wa maabara," aliniambia kwa simu. "Pesa niliyo nayo ni ya kitu kimoja. Ni sabuni, ni sanitaiza, ama ni jiki?"

Nilikuwa kazini, nikamjibu haraka kwamba sabuni inatosha. Wiki iliyofuata wakaanguka watoto wengine wawili. Jibu langu lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu niliyoiacha nje ndiyo iliyowafikia wale wawili. Tangu hapo nimekuwa nikidaiwa naye jibu kamili, na nalitoa hapa kwa yeyote mwenye watoto, wagonjwa, kibanda cha chakula au choo cha pamoja, anayesimama mbele ya rafu ya duka akiwa na noti moja mkononi.

Kirusi kinaingia kwa ufunguo, kinatoka kwa mojawapo ya njia mbili

Nje ya seli, kirusi ni kifurushi tu: chembe za urithi ndani, ganda la protini juu. Hakili, hakikui, hakizai. Ili kipate nakala zake ni lazima kiingie kwenye seli hai, kitumie vifaa vya seli hiyo kujinakili, kisha nakala zitoke kutafuta seli nyingine.

Kuingia kunataka ufunguo. Juu ya kila kirusi kuna protini inayoshikana na kitu maalumu kwenye uso wa seli, kiitwacho kipokezi. Kirusi cha korona hushika kipokezi cha ACE2. VVU hushika CD4. Kirusi cha influenza hushika sukari fulani, asidi ya sialiki, iliyoning'inia kwenye seli za njia ya hewa. Ufunguo ukiharibika, kirusi kinabaki mlangoni.

Kutoka ndiko kunakoamua ununue nini. Njia ya kwanza ni kuchipuka. Kirusi kinasukuma utando wa seli kutoka ndani, utando unafura kama kitumba cha ua, unafunga nyuma yake na kukatika, na kirusi kinaondoka kimejifunika kipande cha utando huo kama koti. Influenza, surua na VVU hutoka hivi. Korona hulivaa koti lake ndani ya seli, kwenye vyumba vidogo vya utando, kisha hubebwa hadi nje kwa vifuko. Influenza ina shida ya ziada: sukari iliyoisaidia kuingia ndiyo inayoinasa ikitoka, kwa hiyo hubeba mkasi wake, kimeng'enya kiitwacho neuraminidase, cha kuikata. Dawa ya oseltamivir hufanya kazi kwa kuuzuia mkasi huo, na virusi vipya vinabaki vimenata pale pale vilipozaliwa. Kila nikilifikiria jambo hili nafurahi kuwa kuna mtu aliketi akalichunguza hadi akaliona.

Utando wa seli umeundwa kwa mafuta, kwa hiyo koti hilo ni la mafuta. Na funguo zimechomekwa kwenye koti lenyewe. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, nami sijaona mahali methali hiyo inapokuwa kweli zaidi ya hapa: kirusi kikivuliwa koti kinapoteza na funguo.

Njia ya pili ni kupasua. Virusi vinajaa ndani hadi seli inararuka na kumwaga kila kitu nje. Polio na adenovirusi ni mifano yake. Virusi hivi husafiri kwa ganda tupu la protini, na ufunguo ni sehemu ya ganda lenyewe. Rotavirusi na norovirusi, wakubwa wa kuhara na kutapika, nazo hupita mikononi na sakafuni zikiwa na ganda tupu. Ganda hilo limezoea asidi ya tumbo na nyongo ya utumbo. Halitishwi na vitu vidogo.

Mpaka kati ya makundi haya haujanyooka kabisa. Kirusi cha homa ya ini aina ya A hutoka kwenye seli ya ini kikiwa kimejifunga utando na huzunguka kwenye damu hivyo. Lakini kikishuka kupitia nyongo kuelekea utumbo kinavuliwa, na kwenye choo kinafika uchi. Kwa anayebadilisha nepi, hali kinayofikia kwenye nepi ndiyo yenye maana.

Vigezo

Nitaviweka vitu vyote vitatu kwenye mizani moja: kinavifanyia nini virusi vya koti, kinavifanyia nini virusi vya ganda tupu, kinataka muda, maji na pesa kiasi gani, kina hatari gani kwa watoto, na kinamfaa nani. Kwa jiki ninamaanisha dawa yoyote ya klorini ya kuondoa madoa, maana Nairobi nzima tunaiita jiki hata chupa ikiwa na jina jingine.

Sabuni na maji

*Virusi vya koti.* Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia ukitafuta mafuta. Mikia hiyo inajichomeka kwenye koti la kirusi, na koti linavunjika vipande kama vile mafuta ya sufuria yanavyoachana na chuma. Kipande cha sabuni ya kufulia kinaifanya kazi hii sawasawa na sabuni ya manukato ya bei mara tano. Nisisitize hilo, kwa sababu nimeona kina mama wakijilaumu kwa kukosa ile "ya kuua vijidudu".

*Virusi vya ganda tupu.* Hapa sabuni haiui, inang'oa. Povu na msuguano vinakitoa kirusi kwenye ngozi, na maji yanayotiririka yanakibeba. Kirusi hakijafa. Kinaondoka kikiwa kizima ndani ya yale maji.

Hii ndiyo nusu niliyoiacha. Sikumuuliza dada anawanawishia watoto wapi. Alikuwa na karai moja ya maji ya sabuni katikati ya chumba, na watoto kumi na mmoja walipanga foleni kuchovya mikono. Mtoto wa tatu alikuwa anaogea walichoacha wawili wa kwanza, na wa mwisho alikuwa anaogea cha wote. Hakuna aliyepimwa maabara, lakini ugonjwa unaowaangusha watoto mmoja mmoja kwa siku chache hivyo, kwa kutapika ghafla, una tabia zote za norovirusi, ambayo inahitaji chembe chache sana kumwambukiza mtu. Karai liliwasambazia. Maji yakimiminwa juu ya mikono na kuanguka kwenye ndoo ya taka, sabuni ile ile inakuwa kitu kingine kabisa.

*Muda, maji na pesa.* Angalau sekunde 20 za kusugua, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha. Sabuni ni rahisi. Maji ndiyo ghali, hasa kwenye majengo yanayotegemea mgao na mitungi ya kununua. Kibuyu chirizi, yaani mtungi mdogo uliotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia, hupunguza maji mno na hakishikwi kwa mikono michafu.

*Hatari.* Karibu hakuna. Macho yatawasha kidogo.

*Inamfaa nani.* Kila anayegusa kinyesi, matapishi, chakula au mikono yenye uchafu unaoonekana, mradi ana maji ya kumimina. Haifai kama tegemeo la pekee kwa sakafu iliyotapikiwa.

Sanitaiza

*Virusi vya koti.* Ni kali na ya haraka. Alkoholi inayeyusha koti na kuzivuruga protini. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una ethanoli asilimia 80, na kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni asilimia 60. Wengine hudhani asilimia 100 ingekuwa bora zaidi, lakini sivyo, kwa kuwa alkoholi inahitaji maji kidogo ili izivuruge protini vizuri. Ndiyo maana tuliambiwa tuitumie tangu Machi 2020, korona ilipothibitishwa nchini: korona ni kirusi cha koti.

*Virusi vya ganda tupu.* Hapa ndipo dada alipoumia. Hakuna koti la kuyeyusha, na ganda la norovirusi, la polio au la homa ya ini aina ya A linaistahimili alkoholi kuliko tunavyotarajia. Zaidi ya hayo, sanitaiza haing'oi kitu. Kilichokuwa mkononi kinabaki mkononi, kimesambazwa vizuri tu. Mikono yenye ute, uji au mafuta ya chapati huidhoofisha hata mbele ya virusi vya koti.

*Muda, maji na pesa.* Sekunde 20 hadi 30 za kusugua hadi mikono ikauke, na haitaki hata tone la maji. Ukiigawanya kwa matumizi ndiyo ghali kuliko zote. Kama chupa haionyeshi asilimia ya alkoholi wala alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iache dukani.

*Hatari.* Inashika moto, na vyumba vyetu vingi vina jiko la makaa au la gesi hatua mbili kutoka kitandani. Mtoto mdogo akiinywa inaweza kumdhuru vibaya, na zile za rangi na harufu ya matunda ndizo zinazomvuta.

*Inamfaa nani.* Aliye njiani. Kondakta, mwenda soko, mhudumu wa zahanati anayetoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine akiwa na mikono isiyo na uchafu. Wakati wa msimu wa mafua, sanitaiza ni rafiki wa kweli. Kwenye chumba cha watoto wanaohara inakupa amani ambayo haina msingi.

Jiki

*Virusi vya koti.* Inaviua bila shida.

*Virusi vya ganda tupu.* Kati ya hivi vitatu, hii ndiyo unayoweza kuitegemea kuvimaliza. Klorini haitafuti koti. Inazishambulia protini za ganda zenyewe na kuziharibu chembe za urithi zilizo ndani. Ganda lililostahimili asidi ya tumbo halina jibu kwa hilo, ikiwa klorini ina nguvu ya kutosha na imepewa muda.

Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Uchafu unaimaliza klorini kabla haijafika kwa kirusi. Ukimwaga jiki juu ya matapishi, inashughulika na matapishi. Yaondoe kwanza kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, osha kwa sabuni, ndipo uweke jiki.

Pili ni vipimo. Soma chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji kinakupa asilimia 0.5, kiwango cha mahali palipoanguka matapishi, kinyesi cha kuhara au damu. Kijiko kimoja cha mezani kwa nusu lita ya maji kinakupa takriban asilimia 0.1, ya meza, vitasa vya milango na vinyago. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, toa moja, utapata sehemu za maji kwa kila sehemu ya jiki. Chupa ya asilimia 5 kwa asilimia 0.5 ni tisa. Lakini hesabu hii haina maana kwa jiki ya kupimiwa kwenye chupa ya soda mlangoni, kwa sababu hujui imeshapunguzwa maji mara ngapi. Ninajua inauzwa kwa bei nafuu. Nimeinunua pia. Kwa nguo nyeupe inatosha, kwa norovirusi usiitegemee.

*Muda, maji na pesa.* Iache juu ya sakafu dakika 10 ikiwa bado imelowa, kisha suuza mahali watoto watakapotambaa. Chupa moja ndogo huenda mbali sana kwa sababu inachanganywa na maji mengi. Changanya ya siku hiyo tu, maana jua na joto huipunguza nguvu.

*Hatari.* Ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Inachoma ngozi na macho, na si ya kunawia mikono ya watoto. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki, amonia au sanitaiza. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na katika choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo ni janga. Fungua mlango, watoe watoto nje, na chupa ikae juu ambapo mtoto hafiki. Usiihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye sakafu, choo cha pamoja, beseni la nepi, au mgonjwa anayehara ndani ya nyumba, na ambaye yuko tayari kupima. Asiye na subira ya kupima wala mahali pa juu pa kuiweka, heri aongeze bidii kwenye sabuni.

Mahali ambapo hakuna kati ya hivi kinachotosha

Surua ni kirusi cha koti, na ukikipata mkononi sabuni itakimaliza mara moja. Lakini hakingoji mkono. Kinakaa hewani ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kinga yake ni chanjo ya miezi 9 na ile ya miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo kina mama wengi huisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na kliniki imekuwa mbali na mawazo. Rotavirusi nayo ina chanjo, inayotolewa nchini tangu 2014. Dada sasa huomba kuona kijitabu cha kliniki kabla hajampokea mtoto mpya. Mmoja wa kina mama alikasirika. Watatu wengine waligundua kwamba walikuwa wamepitwa na tarehe.

Chagua kwa hali yako

Mtoto au mgonjwa ametapika au anahara nyumbani: kama ni kitu kimoja na sabuni unayo tayari, nunua jiki ya chupa yenye asilimia iliyoandikwa. Sabuni ya mikono, jiki ya sakafu. Sanitaiza ingoje.

Huna hata sabuni: anza na sabuni, hata kama kuna kuhara, na tafuta namna ya kumimina maji. Chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko inatosha kwa leo. Karai la pamoja liondoke chumbani siku hiyo hiyo.

Maji yamekatika siku ya tatu na watoto wana mafua tu, pua zinatiririka, hakuna anayehara: sanitaiza ina nafasi yake. Mpanguse mtoto uchafu wa mikono kwanza, mpake wewe mwenyewe, ushike mikono yake hadi ikauke. Yale maji kidogo yaliyobaki kwenye mtungi yawe ya kunawa baada ya choo na kabla ya chakula.

Unauza chakula kibandani: sabuni na maji ya kumimina, kwako na kwa wateja. Homa ya ini aina ya A na norovirusi hupitia chakula, na sanitaiza iliyowekwa mezani badala ya maji haiwalindi wanaokula kwa mkono.

Uko kwenye matatu kutwa nzima: sanitaiza mfukoni, na sabuni ukifika nyumbani kabla hujamshika mtoto.

Mnagawana choo na familia nane: changeni pesa za jiki. Gawaneni zamu, na anayeshika zamu apewe glavu. Kama choo hicho husafishwa kwa dawa yenye asidi, isuuzeni kabisa kwa maji mengi kwanza, au mtumie jiki siku nyingine.

Unalea watoto wa wengine, kama dada: mtoto aliyetapika akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho, kwa sababu hata akionekana mzima bado anatoa virusi. Hili ndilo gumu kuliko yote niliyoandika. Mama yake anapoteza mshahara wa siku mbili. Dada na kina mama walikubaliana kwamba siku hizo hazilipiwi kwake, na jirani asiye na kazi siku hiyo humkalia mtoto kwa nauli tu. Mlangoni pa dada sasa kuna kibuyu chirizi chenye kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye soksi kuukuu. Jiki iko juu ya kabati, na kijiko cha kupimia kimefungwa kwa uzi kwenye shingo ya chupa. Ile sanitaiza kubwa aliimimina kwenye vichupa vidogo akawapa kina mama, kila mmoja chake, cha kutumia kwenye matatu wakirudi jioni kuwachukua watoto.